Lishe, vitamini na saratani ya utumbo mpana: eneo la Suam

Saratani ya utumbo mpana huanza na kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, na mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi kugeuka kuwa uvimbe wa hatari. Mwaka 2022 iliua watu wapatao 900,000 duniani. Ni saratani ya mapafu tu iliyoua wengi zaidi. Huku Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda kwenye miteremko ya Mlima Elgon, pamoja na Kitale na Bungoma, saratani inayozungumzwa zaidi ni ya koo la chakula. Hata hivyo, hoja kwamba chakula huchangia saratani ya utumbo ilizaliwa ng'ambo ya mlima huuhuu.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akahudumu Lira na kisha Mulago, Kampala, hadi katikati ya miaka ya 1960. Wagonjwa wa saratani hii aliowaona walikuwa wachache mno. Mwaka 1971 akaandika kwamba sababu ni nyuzinyuzi: mwanakijiji aliyekula nafaka nzima na kunde alipata choo kingi, laini na cha haraka, ilhali Mzungu wa mkate mweupe alikaa nacho siku kadhaa. Burkitt alipita kiasi, kwani idadi ndogo ya wagonjwa ilitokana pia na ujana wa watu na uhaba wa vipimo. Lakini kiini cha hoja yake kimesimama. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, Waamerika weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini walibadilishana vyakula kwa wiki 2. Muda huo mfupi ulitosha kwa dalili za hatari kwenye ukuta wa utumbo kupungua kwa Waamerika na kupanda kwa Waafrika. Bakteria wa utumboni huchachusha nyuzinyuzi na kutoa butireti, ambayo ndiyo chakula cha seli za ukuta huo.

Ugali wa Wabukusu na Wasabaoti, wenyeji wa huku, ulikuwa wa wimbi na mtama kabla ya mahindi kutawala. Kitale ndiko ilikoanzishwa Kenya Seed mwaka 1956, na mbegu chotara zilizofuata zikaifanya Trans Nzoia ghala la taifa. Mahindi yenyewe hayana kosa. Tatizo ni kukoboa, maana pumba ndiyo yenye nyuzinyuzi. Ugali uliolala nao una faida yake, kwani ukipoa, sehemu ya wanga hugeuka kuwa sugu na kufika utumbo mpana bila kumeng'enywa.

Foleti, vitamini ya kundi B, inahitajika ili seli zinakili DNA bila makosa. Ikipungua, nyuzi za DNA hukatika kwa urahisi, na pombe, iwe busaa au chang'aa, huzidisha upungufu huo. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti uongezwe asidi ya foliki. Hapo pana mkwamo: unga wa posho mill una pumba lakini hauna nyongeza hiyo, na wa pakiti una nyongeza lakini umekobolewa. Mboga za kienyeji huziba mapengo yote mawili. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuzirudishia heshima mrenda, managu, saga na mitoo. Ila kuzichemsha sana na kumwaga maji ni kumwaga foleti. Desturi ya kuzilaza kwenye maziwa ni nzuri kweli, kwa kuwa kalsiamu ya maziwa inahusishwa na hatari ndogo ya saratani hii.

Vidonge vya vitamini havijaonyesha faida kama hiyo ya chakula. Jaribio la mwaka 2007 kwa watu waliowahi kutolewa vinyama liliona kuwa asidi ya foliki haikuzuia vingine kuota, na huenda ilichochea vile vya hatari. Jaribio jingine la watu 25,871 nchini Marekani, lililochapishwa 2019, halikuona vitamini D ikipunguza saratani mpya.

Soseji na smoki za vituoni ni jambo la kuangaliwa. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka nyama za kusindikwa miongoni mwa visababishi vya saratani: gramu 50 kila siku huongeza hatari kwa takriban asilimia 18.

Damu kwenye choo hudhaniwa haraka kuwa bawasiri au amiba. Ikirudi baada ya dawa, utumbo unapaswa kutazamwa kwa kamera, na kutoka Suam safari ya rufaa hupitia Kitale hadi Hospitali ya Moi, Eldoret.