Mkono, Shuka na Doti

Kabla ya mita kuzoeleka, kitambaa kilipimwa kwa mwili wa mtu. Shibiri, kutoka ncha ya dole gumba hadi ya kidole cha mwisho, ni takriban sentimita 23. Shibiri mbili ni mkono mmoja, au dhiraa: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, sentimita 46 hivi. Mikono minne ni pima moja, karibu mita 1.83.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba kitambaa cha merikani kwa hesabu hii: shuka ni mikono minne, doti ni minane, yaani wari nne, au mita 3.66. Mabishano hayakukosekana hapo, maana mrefu na mfupi hawana mkono wa urefu mmoja.

Leo yapo maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Huko doti bado inauzwa, ila ni vipande viwili vya kanga, karibu mita 3 tu kwa jumla. Anayebadili vipimo vya kale asizichanganye doti hizi mbili.

Mstari ulio chini ya bango hili una sentimita 46. Weka kiwiko mwanzo wake, nyoosha vidole, uone kama umezidi au umepungua.