Miligramu Nane

Katika miaka ya 1970 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha floraidi kwenye maji ya kunywa vijijini: miligramu 8 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Siamini kwamba waliokiweka hawakuijua kemia. Walijua pia kuwa kwa 1.5 vyanzo vingi kandokando ya Mlima Meru vingekataliwa, na watu wangekunywa nini? Maji yalibaki yaleyale. Namba ndiyo iliyosogezwa.

Mimi ni mtoto wa maji hayo. Floraidi inatoka kwenye miamba ya volkano, na meno yanayojijenga huku mtoto akiinywa huota na madoa ya kahawia. Nikicheka tu Dar es Salaam, naulizwa kama natoka Arusha. Kuchemsha, kinga tuliyofundishwa sote shuleni, hapa hakusaidii: maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani.

Kutoka India ilikuja mbinu yenye jina la Nalgonda, eneo lenye shida kama yetu. Unatia shabu na chokaa kwenye ndoo, unakoroga, unasubiri mashapo yatuame yakiwa yameinasa floraidi. Ni rahisi, ila vipimo viwe sahihi kila siku, na mkorogaji ni yuleyule mama aliyeamka alfajiri kwenda kuchota.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kinajulikana zaidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hapo kemia inanigusa. Madini yaliyoujenga mfupa huo ni ya jamii moja na yaliyojenga meno yangu, na yote mawili huivuta floraidi. Ng'ombe anadoa kwa niaba yetu. Wapo wanaouliza kwanza ni mfupa wa mnyama gani. Swali la haki kabisa kwa mtu anayetakiwa kunywa jibu lake.

Mwaka 2015 Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali aliyekulia Gongali, Karatu, alishinda tuzo ya ubunifu wa kihandisi Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Chujio lake linaunganisha mchanga na chembe za nano zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali. Chembe zikiwa ndogo hivyo, gramu chache zina eneo kubwa la kunasia.

Kiwango cha taifa kimeshushwa tangu enzi ya 8. Lakini mfupa hujaa, na chembe za nano nazo hujaa. Floraidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo chujio lililojaa linatoa maji maangavu sawa na jipya. Kulitambua kunahitaji kipimo, na kutoka kwa shangazi yangu hadi maabara ni mabasi mawili.