Chombo na Siri Yake

Mtungi mpya wa udongo hauna siri. Maji yakitiwa ndani yake hunukia udongo, na kila anywaye hutambua kuwa chombo kimetoa kitu. Kibuyu nacho huyaachia maziwa ladha ya moshi na makaa. Wazee wetu walitumia vyombo vilivyokiri tabia zao. Plastiki ilipoingia majikoni ilisifiwa kuwa ni nyepesi, haivunjiki upesi, tena haina ladha. Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyoficha jambo ninalokusudia kulisimulia.

Katika mwaka wa 1891 mwanakemia Mrusi, Aleksandr Dianin, alitengeneza kitu kilichokuja kuitwa bisfenoli A. Kilikaa miaka mingi bila ya kazi kubwa. Mwaka wa 1936 Charles Dodds, tabibu wa Kiingereza aliyekuwa akifanya uchunguzi katika hospitali ya Middlesex, London, alitafuta kitu chepesi kutengenezwa kiwezacho kufanya mwilini kazi ya homoni ya kike. Miongoni mwa vitu alivyovijaribu kwa panya ilikuwamo bisfenoli A. Ilifanya kazi hiyo, ila kwa unyonge. Mwaka wa 1938 Dodds na wenzake walipata dawa nyingine yenye nguvu kuishinda mara nyingi, na bisfenoli ikawekwa kando. (Dawa hiyo ya pili walipewa wanawake wajawazito wengi, hasa Marekani, mpaka ilipoonekana mwaka wa 1971 kuwa baadhi ya binti zao waliugua saratani ya namna iliyo nadra. Hicho ni kisa kingine, nacho ni cha majonzi.)

Habari za Dodds hazikuwa siri; zilichapishwa. Lakini mwaka wa 1953 Hermann Schnell huko Ujerumani na Daniel Fox huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, waligundua plastiki ngumu yenye kuangaza kama kioo, iitwayo polikaboneti. Kitu kikubwa katika kuiunda kilikuwa bisfenoli A. Tabibu alikuwa ameiona kama homoni. Mhandisi aliiona kama tofali la kujengea. Baadaye plastiki hiyo ilifanywa magudulia ya maji na, nasikitika kusema, chupa za kunyonyeshea watoto wachanga. Bisfenoli iliingia vilevile katika utando upakwao ndani ya makopo ya chakula.

Siri ilifichuka kwa bahati. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikuwa wakichunguza hamira, wakaona dalili za homoni ya kike katika majimaji iliyokuzwa ndani yake. Wakadhani hamira ndiyo iliyoitoa. Hata walipojaribu maji matupu, yasiyo na chembe ya hamira, yaliyotiwa katika chupa za polikaboneti na kupashwa moto mkali wa mvuke ili kuua vijidudu, dalili zilikuwamo vilevile. Basi mtoaji alikuwa chupa! Habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 1993. Kiasi kilichotoka kilikuwa kidogo sana, lakini joto lilikuwa limekitoa. Na mama gani asiyetia uji au maziwa ya moto katika chupa ya mwanawe?

Serikali ziliamka polepole. Kanada ilitangaza mwaka wa 2008 kuwa itaikataza bisfenoli katika chupa za watoto. Nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata mwaka wa 2011. Marekani ilifanya hivyo mwaka wa 2012, wakati watengenezaji wenyewe walikuwa wamekwisha kuiacha. Mwaka wa 2023 wakaguzi wa chakula wa Ulaya walipunguza mara 20,000 kiasi walichokihesabu kuwa si cha hatari. Taasisi ya serikali ya Ujerumani haikukubaliana na hesabu hiyo, kwani wataalamu nao hubishana. Hata hivyo, mwisho wa mwaka wa 2024 Ulaya iliamua kuiondoa katika vyombo vya chakula karibu vyote.

Chupa nyembamba za maji na soda ziuzwazo njiani ni za plastiki nyingine, isiyotengenezwa kwa bisfenoli. Mashtaka yake ni kudumu kwake. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, chupa hizo hazikuguswa. Tangu tarehe 5 Juni 2020 zimekatazwa katika mbuga za wanyama, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Kwingineko zingali zikitupwa, na jua na mawimbi huzivunja kuwa chembe zisizoonekana kwa macho. Mwaka wa 2022 wachunguzi wa Uholanzi walipima damu ya watu 22, wakakuta chembe za plastiki katika damu ya watu 17. Iliyoonekana kwa wengi zaidi ilikuwa plastiki ileile ifanyiwayo chupa za vinywaji. Madhara yake mwilini yangali yanachunguzwa.