Darasa la Siku Arobaini

Ukimwuliza Mkristo wa Moshi au wa Machakos Kwaresima ni nini, yaelekea ataanza na tumbo: nyama ya Ijumaa, bia aliyoapa kutoigusa, chai isiyo na sukari. Hakosei. Lakini aliyeishi Yerusalemu miaka elfu moja na mia sita iliyopita angeanza kwingine. Angekutajia darasa.

Hapo mwanzo hata arobaini yenyewe haikuwapo. Karibu mwaka 190, Irenaeus wa Lyon alimwandikia Papa Viktor wa Roma, aliyekuwa amekasirishwa na tofauti za tarehe ya Pasaka. Akamkumbusha kwamba hata katika kufunga watu hawafanani: wapo wafungao siku moja, wengine mbili, wengine zaidi, na hakuna aliyemtenga mwenzake kwa sababu hiyo. Arobaini inajitokeza mwaka 325 katika kanuni ya 5 ya Mtaguso wa Nikea, tena kwa kudokezwa tu, kama jambo lililokwisha kujulikana na wote. Kwa Kilatini iliitwa Quadragesima, na huko ndiko kwenye asili ya neno letu.

Shahidi mzuri kuliko wote ni mwanamke. Egeria, hujaji kutoka magharibi, alifika Yerusalemu kwenye miaka ya 380, akawaandikia dada zake aliyoyaona. Walioomba ubatizo wa Pasaka waliandikishwa majina mwanzoni mwa mfungo. Kila siku waliketi kumzunguka askofu, wadhamini wao wakiwa kando, kuanzia saa ya kwanza hadi saa ya tatu. (Msomaji wa Kiswahili hahitaji kugeuza saa hizo, bado ndizo zetu.) Askofu alianza na kitabu cha Mwanzo, akayapitia Maandiko yote kwa siku arobaini, kwanza maana ya wazi, kisha maana ya rohoni. Baada ya wiki tano walikabidhiwa Nasadiki, yaani kanuni ya imani, nayo ikafafanuliwa vivyo hivyo. Siku za mwisho kila mmoja alikwenda mbele ya askofu kuirudisha kwa kichwa. Jambo moja linanigusa zaidi: askofu alisema Kigiriki tu, kwa hiyo padri alisimama karibu akitafsiri kwa Kisiria, na wasemao Kilatini walipata ndugu wa kuwaeleza. Hakuna aliyeachwa nje kwa sababu ya lugha.

Darasa hilo lilififia kwa sababu nyepesi: liliishiwa wanafunzi. Ulaya ilipozoea kubatiza watoto wachanga, mafundisho marefu ya watu wazima yalikosa wa kuyasikiliza. Ikabaki funga, na funga ikazaa sheria, nazo sheria zikazaa vibali. Mnara mmoja wa kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, unaitwa hadi leo Mnara wa Siagi. Inasimuliwa kuwa ulijengwa kwa fedha za waliolipia ruhusa ya kula siagi wakati wa Kwaresima.

Mwaka 1522, huko Zürich, jiko na kitabu viligongana. Mchapishaji Christoph Froschauer aliwaandalia wafanyakazi wake soseji katikati ya mfungo. Alijitetea kwamba walikuwa na kazi nzito ya kuchapa kwa ajili ya maonyesho ya Frankfurt, zikiwamo nyaraka za Paulo. Padri Ulrich Zwingli alikuwapo, hakula, lakini wiki chache baadaye alihubiri kwamba Maandiko hayamfungi Mkristo kwa vyakula. Matengenezo ya Uswisi yakaanzia kwenye sahani.

Aliyelifufua darasa, kwa upande wa Wakatoliki, alikuwa akiitazama Afrika. Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliwaagiza wamisionari wake wasimbatize mtu mzima kabla ya miaka minne ya maandalizi, kwa mfano wa Kanisa la kale. Mwaka 1879 walifika Buganda, ambako Waprotestanti walikuwa wametangulia. Huko Wakristo wa madhehebu yote waliitwa wasomaji, na kitabu walichojifunzia mwanzoni mara nyingi kilikuwa cha Kiswahili, tafsiri ya Edward Steere wa Zanzibar, kabla Injili haijachapwa kwa Kiganda. Miaka minne haikuwatosha wote. Usiku mmoja wa Mei 1886, hukumu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, dhidi ya wasomaji ikiwa mlangoni, mmoja wao, Karoli Lwanga, aliwabatiza wenzake kadhaa waliokuwa hawajamaliza masomo, akiwamo Kizito, kijana wa miaka kama 14. Juni 3 walichomwa Namugongo.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ukatekumeni wa watu wazima, yaani darasa lile la kuandaa ubatizo, urudishwe kwa hatua, na Kwaresima iuoneshe ubatizo sawasawa na toba. Mwaka 1966 Papa Paulo VI akaacha siku mbili tu za kufunga kwa lazima, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Wengi walilisikia hilo la pili na kulipitia kando la kwanza.

Ila si vigangoni. Huko Kwaresima bado inanukia daftari. Chini ya mwembe, au katika kanisa lisilo na madirisha, katekista asiye na mshahara wa maana anawasikiliza mmoja mmoja wakirudisha Nasadiki kwa kichwa, na bibi ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu anageukiwa na jirani, ananong'onezewa kwa Kisukuma.