Watani Wanaozikana: Timu za Mitaa na Vijana wa Dar es Salaam

Simba na Yanga wanapokaribia kukutana, magazeti na redio huwaita watani wa jadi. Tumelizoea jina hilo hata hatujiulizi limetoka wapi. Kwa asili utani haukuhusu mpira. Ulikuwa uhusiano kati ya makabila, kama Wazaramo na Wanyamwezi, waliokutana katika njia za misafara iliyotoka bara kuja pwani. Mtani aliweza kukukejeli mbele za watu, hata kukuchukulia kitu chako, nawe usikasirike. Siku ya msiba, mtani huyo huyo alifika mapema, akashika kazi za mazishi na kuwafanya wafiwa wacheke katikati ya machozi. Kwa njia hiyo watu waliweza kutofautiana, wakataniana, na bado wakazikana.

Ningependa tufuatilie jinsi desturi hiyo ilivyoingia katika viwanja vya mpira vya Dar es Salaam, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo Kanisa lilikuwa nalo tangu mwanzo na ambalo leo linaweza kulipoteza.

Mpira wa miguu ulifika katika pwani yetu miongo ya mwisho ya karne ya 19, na mlango wake mmojawapo ulikuwa shule ya kanisa. Wamisionari wa UMCA walifika Zanzibar mwaka 1864. Huko Kiungani, nje kidogo ya mji, walikuwa na shule iliyopokea watoto waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi, na wengi wao hawakuwa tena na njia ya kurudi kwao. Mwaka 1887 A. C. Madan wa misheni hiyo alichapisha kitabu chenye simulizi za wavulana hao wenyewe: jinsi walivyotekwa, walivyouzwa na walivyofika pwani. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alilelewa hapo, na mwaka 1890 akapewa upadre.

Wanafunzi wa Kiungani walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa pwani hii kucheza kandanda, pamoja na Waingereza wa kampuni ya telegrafu waliokuwa wakicheza Zanzibar. Tuwafikirie watoto wale. Kila mmoja alinyang'anywa mama, lugha na kijiji. Walichopewa kwa pamoja kilikuwa Kiswahili, sala na mpira. Kiwanjani, mtoto wa Kiyao alimhitaji wa Kimakua ampasie. Hakulazimika kwanza kumwelewa wala kumpenda. Aliuona mguu wake unafanya kazi, na hapo ujirani ukaanza.

Kutoka visiwani na kutoka shuleni, mchezo ulienea katika miji ya bara, nayo Dar es Salaam ilikuwa mji uliogawanywa makusudi. Utawala wa kikoloni uliwatenga watu kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na upande wa Waafrika kuanzia Kariakoo. Waafrika nao walikuwa na vyama vyao vya kabila, kama Umoja wa Wazaramo. Tusivibeze vyama hivyo. Mtu aliyekuja mjini peke yake aliugua na kufa kama wengine, na watu wa kwao ndio waliomuuguza na kumzika. Lakini kijana aliyezaliwa Kariakoo, baba akitoka Morogoro na mama Rufiji, angehesabiwa katika chama kipi?

Jibu mojawapo lilikuwa klabu. Young Africans, yaani Yanga, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa klabu ambayo kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, na ambayo mwaka 1971 ilichukua jina la Simba. Hakuna hata moja iliyobeba jina la kabila. Kijana alijiunga kwa sababu ya mtaa wake, rafiki zake au kaka yake. Kadiri miaka ilivyopita, mji mzima ukagawanyika pande mbili ambazo hazikufuata ukoo, kabila wala dini. Ndipo neno utani likapata kazi mpya. Mnyamwezi na Mzaramo wangeweza kuwa upande mmoja wakiwatania Mnyamwezi na Mzaramo wengine.

Mji ukatanuka. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu zaidi ya watu 128,000 Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 zaidi ya milioni 5.3. Wengi wa hao waliongezeka nje ya mji wa zamani, kuelekea Kinondoni upande mmoja na Temeke, Tandika na Mbagala upande mwingine. Huko hapakuwa na mtaa wa kabila moja. Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita ungeweza kumkuta Mmakonde, Mhaya, Mpare na Mndengereko, wakitumia choo kimoja na uwanda mmoja. Watoto wao walianza na chandimu, mpira wa matambara na makaratasi kati ya nyumba. Walipokua wakawa na timu ya mtaa.

Timu hizo ndizo zilizojaza mechi za mchangani, zile tunazoziita ndondo. Tangu mwaka 2014 mashindano ya Ndondo Cup, yaliyoanzishwa na mtangazaji Shaffih Dauda, yameufanya mchezo huo wa vumbi ufuatiliwe na mji mzima. Mbagala ilikuwa na timu iliyoitwa kwa jina la soko, Mbagala Market, iliyopanda madaraja na baadaye kuitwa African Lyon. Huko ndiko alikopitia Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, kabla ya Simba, TP Mazembe na Genk. Mwaka 2020 alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Lakini tukiwahesabu mastaa tu, tutaikosa habari yenyewe. Kwa kila aliyefika Ulaya kuna maelfu waliobaki mtaani, na kwao timu ilifanya kazi nyingine. Ilichangisha nauli na jezi. Ilimjua nani anaumwa. Mchezaji akifiwa, wenzake walibeba jeneza, hata kama maiti alizikwa kwa dua na wabebaji wengine walikuwa watoto wa kwaya. Katika mitaa ambayo msikiti na kanisa vinatazamana, timu imekuwa mahali ambapo Juma na Yohana wanajasho moja. Kazi za vyama vya kabila, kuuguza na kuzika, zilipata mikono mingine.

Si kwamba viwanja ni mbinguni. Klabu zimepasuka kwa ugomvi wa uongozi. Katikati ya miaka ya 1970 mgogoro ndani ya Yanga ulizaa timu ya Pan African. Sote tunajua pia maana ya siri ya "kamati ya ufundi", na jinsi waganga wanavyotafutwa kabla ya mechi kubwa. Sasa kubeti kumewafanya vijana wengi wautazame mpira kama njia ya kupata hela ya haraka. Mzazi Mkristo anayesita kumruhusu mwanawe ana sababu.

Hata hivyo, tukumbuke barua ya Paulo kwa Wakorintho. Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye watu wa kila namna, na karibu yake ilifanyika michezo maarufu ya Isthmia. Mtume hakuona haya kuwafundisha kwa mfano wa mwanariadha anayejinyima ili apate taji. Katika barua hiyo hiyo aliwakemea kwa kugawana pande, huyu akijiita wa Paulo na yule wa Apolo. Kisha akawaeleza kwamba wao ni mwili mmoja, na jicho haliwezi kuuambia mkono kwamba haliuhitaji. Waliouona mgawanyiko wa ushabiki kwa macho yao wanaielewa barua hiyo haraka kuliko wengine. Golikipa hawezi kumwambia mshambuliaji kwamba hana haja naye.

Hapa ndipo historia hii inapotugusa. Sharika zetu za mjini nyingi zilianzishwa na Wakristo waliotoka mkoa mmoja, na hadi leo baada ya ibada wapo wanaosalimiana kwa lugha ya nyumbani huku mgeni akisimama pembeni. Salamu hiyo si dhambi. Lakini kijana aliyezaliwa Temeke haijui lugha hiyo, na akikosa nafasi kwetu ataipata kiwanjani.

Viwanja vyenyewe vinapungua. Tunakusanyika Biafra pale Kinondoni na Mwembeyanga pale Temeke kwa mikutano ya injili, kwa sababu ni miongoni mwa nafasi chache za wazi zilizobaki katikati ya nyumba. Maeneo mengi walikochezea baba zetu yamejengwa. Kanisa bado lina ardhi. Katika sharika nyingi kuna eneo ambalo jioni za katikati ya wiki halina mtu, nalo limezungushiwa ukuta na geti limefungwa.

Kulifungua eneo kama hilo kuna gharama. Vioo vitavunjika, kelele zitasikika wakati wa mazoezi ya kwaya, na watakaoingia wengi huenda wasiwe waumini wetu. Itabidi tukubaliane mapema: mechi zisigongane na ibada, kubeti marufuku, wasichana wapate siku zao za netiboli na mpira wa miguu, na mtoto wa Kiislamu asiulizwe chochote zaidi ya namba anayocheza. Baraza la wazee linaweza kuyajadili haya katika kikao kimoja.

Watoto wa Kiungani walipewa kiwanja kabla hawajawa na chochote cha kulipa, na kati ya watoto wa shule ile wakatoka walimu na mapadre. Kesho jioni vijana wa mtaa watakuwa nje ya ukuta wetu wakitafuta mahali pa kuchezea. Ufunguo wa geti anao mlinzi, naye anasubiri kuambiwa.