Nani Aweke Bunduki Chini Kwanza?

Nyumbani kwa babu yangu, si mbali na Moroto, kuna karatasi anayoihifadhi ndani ya mkebe wa majani ya chai. Ni stakabadhi ya bunduki aliyoisalimisha mwanzoni mwa mwaka 2002. Babu hajui kusoma, lakini kila mgeni huonyeshwa. Nilipofika chuoni ndipo nilipotaka kujua bunduki ile ilitoka wapi na kwa nini aliitoa.

Wenzangu wengi Kampala hudhani Mkaramojong huzaliwa na bunduki. Kweli, wafanyabiashara wa pembe za ndovu walizileta tangu enzi za kabla ya ukoloni kukita mizizi, lakini hata miaka ya 1970 wachungaji wengi walikuwa na mikuki, na vijana wengine walijiundia bunduki kwa mabomba ya chuma. Mambo yalibadilika mwaka 1979. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka, askari walikimbia kambi ya Moroto, na Wamatheniko wakachukua silaha zilizokuwa ghalani. Majirani wao nao walilazimika kutafuta zao, nyingine kupitia Sudan. Asiye na bunduki hakuwa na ng'ombe kwa muda mrefu.

Sheria ilikuwepo. Tangu mwaka 1970 raia wa Uganda hawezi kumiliki bunduki bila leseni. Lakini sheria hiyo hudhani kwamba ukiibiwa utakwenda polisi, na polisi watafuata wezi. Karamoja nani angewafuata?

Mwezi Desemba 2001 serikali ilianza kukusanya silaha kwa hiari. Walioziweka chini waliahidiwa plau na mabati. Takriban bunduki 10,000 zilipatikana, na ya babu ilikuwa mojawapo. Kisha, mwaka 2002, jeshi lilihitajika kaskazini kupigana na Joseph Kony. Waliotii walibaki mikono mitupu kati ya majirani ambao hawakutii, na ng'ombe wa babu walichukuliwa usiku mmoja tu. Kwangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu lilimwadhibu mtiifu.

Mwaka 2004 nchi za kanda yetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo, zikikubali kwamba bunduki haijui mpaka. Hata hivyo, kuanzia 2006 jeshi lilirudi Karamoja kwa nguvu: manyata zilizingirwa alfajiri, wanaume wakapigwa, ng'ombe wakalazwa karibu na kambi. Lazima niseme ukweli pia kwamba uvamizi ulipungua sana, na mimi nilisoma shule ya msingi kwa amani. Mwanafunzi mwenzangu hunikumbusha hilo kila tunapobishana, na sina jibu rahisi.

Karibu mwaka 2019 uvamizi ulirudi. Operesheni ya 2021 ilipewa jina la Kiswahili: Usalama kwa Wote. Wazee wetu wengi walikijua Kiswahili kupitia sentensi moja ya askari, "Leta bunduki!" Mimi ninakisomea shahada.

Likizo iliyopita nilimwuliza babu kama leo angeisalimisha tena. Aliniuliza kwanza ng'ambo ya mpaka wamekusanya ngapi.