Memphis walipomchagua Hasheem: kubomoa timu au kuendelea kupambana?

Kuna ubishi mmoja ambao haufi kwa washabiki wa mpira wa kikapu. Timu imechoka, inashinda mechi thelathini na ushee kila msimu, ubingwa haiuoni hata kwa darubini, na wala haijawa mbovu kabisa. Ifanye nini? Ibomoe kila kitu ianze upya na watoto, au iendelee kubangaiza ikiitafuta nafasi ya nane? Watu wanabishana mpaka kahawa inapoa. Leo nami nauingia ubishi huo, ila kwa njia ya historia, na historia yenyewe ni ya Memphis Grizzlies. Nimewachagua hao kwa sababu wamewahi kufanya yote mawili, wakati mwingine kwa mpigo, na kwa sababu katikati ya mkanganyiko wao alikuwepo kijana wa Dar es Salaam ambaye wengi wetu tumemhukumu bila kuiangalia timu iliyomchukua.

Kwanza tuelewane, hasa wale tuliokulia kwenye Simba na Yanga. Kwetu timu ikifungwa mno inashuka daraja, mfadhili anakimbia, wachezaji wanabaki kudai mishahara. NBA hakuna kushuka daraja. Kule ukishika mkia unapewa zawadi: kwenye drafti (siyo ile yetu ya vizibo vya soda) timu mbovu ndizo zinazotangulia kuchagua vijana chipukizi. Nia ilikuwa njema, mnyonge apate nguvu. Lakini binadamu ni binadamu. Miaka ya 1980 watu wakaanza kunong'ona kwamba zipo timu zinazofungwa kwa makusudi, na Houston Rockets walinyooshewa vidole sana kwa msimu wao wa 1983-84, maana baada ya vipigo vile walimpata Hakeem Olajuwon wa Lagos. Mwaka 1985 ligi ikaleta bahati nasibu ili kushika mkia kusiwe tiketi ya moja kwa moja. Wameshaikarabati mara kadhaa. Kuanzia drafti ya 2019, kwa mfano, timu tatu za mwisho ziliwekwa sawa kwa asilimia 14 kila moja ya kupata chaguo la kwanza, wakati zamani wa mkiani peke yake alikuwa na asilimia 25.

Haya, turudi Memphis.

Grizzlies walianzishwa Vancouver, Canada, mwaka 1995, wakahamia Memphis mwaka 2001. Ni mji wa kando ya mto Mississippi, mji ambao Martin Luther King aliuawa mwaka 1968, na kwa mizani ya NBA ni mji mdogo wa watu wenye vipato vidogo. Nyota aliyemaliza mkataba na yuko huru kwenda anakotaka hufikiria Los Angeles au Miami. Memphis hapiti hata kwenye ndoto zake. Hilo ni jambo la kuzingatia sana, maana wanaosema "nunua nyota ushindane" huwa wanasahau kwamba si kila mji una cha kumshawishi huyo nyota.

Mwaka ule ule wa 2001 walimpata Pau Gasol, Mhispania. Jerry West, mtu mzito wa Lakers, akaja kusimamia timu, na kocha mzee Hubie Brown akaifikisha kwenye ushindi wa mechi 50 msimu wa 2003-04. Mji ukapagawa. Halafu ikaja hatua ya mtoano: San Antonio wakawafunga mechi nne bila majibu. Mwaka uliofuata Phoenix, nne bila. Mwaka 2006 Dallas, nne bila. Michezo 12 ya mtoano, vipigo 12! Misimu mitatu mizuri kabisa ya kawaida, ushindi wa mechi 50, 45 na 49, lakini ikifika Aprili wanageuka wageni waalikwa. Sasa niambie wewe unayesema "bora kubaki kwenye ushindani", ushindani gani huo?

Msimu wa 2006-07 mambo yakaporomoka. Gasol alikuwa amevunjika mguu kwenye mashindano ya dunia akiichezea Hispania, timu ikashinda mechi 22 tu, rekodi mbaya kuliko zote kwenye ligi. Wakajifariji: mwaka huo kwenye drafti walikuwepo Greg Oden na Kevin Durant. Bahati nasibu ikachezeshwa, Memphis wakaangukia nafasi ya nne, wakamchukua Mike Conley. Boston Celtics, walioshinda mechi 24 msimu ule, walipata ya tano. Boston walikuwa na machungu yale yale, lakini walikwenda njia nyingine kabisa. Waliwatoa vijana wao na chaguo lao, wakawaleta Ray Allen na Kevin Garnett waliokwisha komaa, wakamuunga mkono Paul Pierce, na Juni 2008 walikuwa mabingwa. Mwaka mmoja tu! Ila Boston walikuwa na Pierce tayari, na walikuwa na jina. Memphis hawakuwa na hata kimoja.

Memphis wakashinda tena mechi 22, na katikati ya msimu huo, Februari 2008, wakakubali yaishe. Wakamtoa Pau Gasol kwenda Los Angeles Lakers. Walichopewa kiliwafanya watu wacheke kwa uchungu: Kwame Brown, kijana Javaris Crittenton, mkongwe Aaron McKie, machaguo mawili ya drafti ya raundi ya kwanza, na haki ya mdogo wake Pau aitwaye Marc, kijana mnene aliyekuwa anacheza Hispania na ambaye alikuwa ameshachaguliwa nafasi ya 48. Makocha wa timu nyingine walilalamika hadharani kwamba Lakers wamepewa zawadi. Pau alicheza fainali tatu mfululizo na kutwaa ubingwa mara mbili, 2009 na 2010. Memphis wakabaki na ule msamiati wa viongozi wa timu zilizofungwa: subira, mustakabali, vijana.

Ndipo tunafika Juni 25, 2009. Memphis walikuwa wameshinda mechi 24. Sacramento ndio walioshika mkia kwa mechi 17, lakini bahati nasibu iliwatupa nafasi ya nne na kuwapandisha Memphis hadi ya pili. Clippers wakamchukua Blake Griffin. Memphis wakamtaja Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza NBA, mita mbili na sentimita 21. Alianza kuushika mpira wa kikapu akiwa kijana wa miaka kama 15 hivi. Chuo cha Connecticut alikuwa ukuta, akizuia mitupo zaidi ya minne kila mchezo katika msimu wake wa mwisho. Kila mtu alimtaja Dikembe Mutombo, yule baba wa Kinshasa. Nyuma ya Hasheem walichaguliwa James Harden wa tatu na Stephen Curry wa saba.

Najua unachotaka kusema, kimeshasemwa mara elfu. Orodha hiyo huwekwa mtandaoni kila mwaka na watu hucheka. Mimi nataka tuangalie kitu kingine: timu iliyomchagua ilikuwa inataka nini?

Mchezaji aliyeanza mpira akiwa na miaka 15, mrefu namna ile, anahitaji miaka. Anahitaji dakika za kukosea. Ni mchezaji wa timu inayojenga kweli, timu ambayo mwaka huu na mwakani haijali kufungwa. Lakini angalia walichofanya Memphis wiki na miezi iliyofuata. Julai wakamleta Zach Randolph, mtu wa ribaundi na pointi, aliyekwisha kupita timu tatu na sifa ya ukorofi. Septemba wakamsaini Allen Iverson aliyekuwa na miaka 34, akacheza michezo mitatu akaondoka. Hizo ni hatua za timu iliyokwisha choka kufungwa. Na pale kwenye nafasi ya Hasheem alikuwepo nani? Marc Gasol, yule mdogo mtu, aliyekuwa anapanda kila wiki. Yaani walimchagua mradi wa miaka mitano halafu wakaanza kucheza kama watu wa mwaka mmoja. Februari 2010 Hasheem akapelekwa ligi ya daraja la chini kupata mazoezi, na hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kushushwa huko kabla yake. Magazeti ya Marekani yakaandika "ameshindwa". Alikuwa na umri wa miaka 23.

Sisemi kwamba angekuwa Mutombo. Miguu yake ilikuwa mizito, mikono yake iliupoteza mpira, na hilo lilionekana tangu msimu wa kwanza. Ninachosema ni kwamba "kujenga upya" ni neno ambalo viongozi hulitamka na vijana ndio hulilipia. Kiongozi akikosea kuchagua, anapata chaguo jingine mwakani. Kijana hapewi mwaka mwingine.

Kwa Memphis lakini ile njia ya pili ililipa, tena kwa vitu vya mtumba. Randolph aliyekataliwa kwingine akawa mfalme wa mji. Tony Allen, beki mkabaji aliyetoka Boston, alifika 2010. Conley aliyekuwa anazomewa akatulia. Marc, nafasi ya 48, akawa mlinzi bora wa ligi nzima mwaka 2013. Hawakuwa na mtupaji wa maana wala mrukaji wa kuuza jezi. Walikuwa wanabanana na watu, wanasagana nao chini ya kikapu mpaka mpinzani anachukia kazi yake. Mji wa watu wa kazi ngumu ukajiona ndani yao.

Februari 2011 walimtoa Hasheem kwenda Houston ili kumrudisha Shane Battier. Battier huyu alikuwepo Memphis tangu 2001, alikuwa uwanjani kwenye vile vipigo 12. Aprili 17 mwaka huo, wakiwa nafasi ya nane, wakaingia San Antonio kucheza na timu iliyoshinda mechi 61. Zikiwa zimebaki sekunde ishirini na kitu, wako nyuma, Battier akatupa kutoka mbali, pointi tatu. Wakashinda 101-98. Ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu. Wakaitoa San Antonio kwa mechi sita. Kwa hiyo nasema bila aibu kwamba Hasheem yumo ndani ya ushindi ule, hata kama yumo kwa namna ambayo hakuna mama angeitaka kwa mwanawe.

Kuanzia 2011 hadi 2017 hawakukosa mtoano hata mwaka mmoja. Mwaka 2013 walifika fainali ya Magharibi, San Antonio wakalipiza kisasi nne bila. Ubingwa hawakupata. Na kila walipokaribia waliwakuta wale waliowaacha: mwaka 2011 walitolewa kwa mechi saba na Oklahoma City, Harden akiingia kutoka benchi. Mwaka 2015 waliongoza mbili kwa moja dhidi ya Golden State, kisha Curry akaamka. Hapo mshabiki wa kubomoa anapata hoja yake, nami namwachia. Timu ya mtumba ina dari yake.

Oklahoma City hao ndio mfano unaopendwa na wajenzi: mechi 20 walizoshinda wakiwa bado Seattle, 23 mwaka uliofuata, kisha 50, na mwaka 2012 wako fainali. Sawa. Lakini Durant hapatikani kila drafti. Memphis nao wakaja kubomoa tena. Msimu wa 2017-18 walishinda 22 (hiyo namba inawapenda), wakampata Jaren Jackson Jr., na 2019, safari hii chaguo la pili lile lile walilomchukulia Hasheem likawapa Ja Morant. Mwaka 2022 walikuwa na ushindi wa mechi 56. Miaka kumi tofauti, namba ile ile, matokeo ya mbingu na ardhi. Sasa hapo utaandika kanuni gani?

Walioipeleka hoja hii mpaka mwisho ni Philadelphia 76ers. Meneja Sam Hinkie alibomoa bila kuona haya: ushindi wa mechi 19, kisha 18, kisha 10 tu msimu wa 2015-16. Walimpata Joel Embiid wa Cameroon, mchezaji bora wa ligi mwaka 2023, na bado kuanzia 2018 hadi 2024 hawakuvuka raundi ya pili. Hasheem naye alipita mikononi mwao. Agosti 2014, baada ya misimu miwili kwenye benchi la Oklahoma City, alipelekwa Philadelphia, timu iliyokuwa na nafasi, muda na leseni ya kufungwa kuliko timu yoyote duniani. Walimwachia siku chache baadaye, kabla msimu haujaanza. Alikuwa na miaka 27, na hakucheza tena NBA.